Pentekoste Ikishapita, Kwaya Ifanye Kazi au Ipumzike?

MWALIMU WA KWAYA: Kalenda ya Kanisa yenyewe imetupa nafasi, nasi tunaichezea kila mwaka. Kuanzia Pentekoste hadi Dominika ya kwanza ya Majilio kuna wiki kati ya 24 na 29, kutegemea Pasaka imeangukia lini. Ni karibu nusu ya mwaka. Padre anavaa kijani, nyimbo za misa ni zile zinazojulikana, hakuna Matawi, hakuna Alhamisi Kuu, hakuna Mkesha wa Pasaka wenye masomo saba na zaburi zake. Kwaya nyingi za parokia hukipokea kipindi hiki kwa kulegea: mazoezi ya mara tatu kwa wiki yanakuwa ya mara moja, wanaofika ni sita, sauti ya tatu haina mtu, na Jumapili tunaimba kilekile tulichoimba Jumapili iliyopita. Oktoba ikiisha ndipo tunashtuka. Novemba nzima inakuwa mbio, nyimbo mpya kumi za Krismasi kwa wiki nne, watu wanakariri kwa masikio bila kujua nota, na usiku wa tarehe 24 Desemba kwaya inasimama mbele ya waamini koo zimekauka. Hoja yangu ni moja tu. Kazi ya sikukuu haifanyiki wakati wa sikukuu. Inafanyika wakati hakuna anayetutazama, na wakati huo ni Juni, Julai na Agosti: kwaya nzima darasa la nota Jumanne, utunzi Alhamisi, na Krismasi ianze Agosti.

MWANAKWAYA: Hesabu ya wiki siipingi, Mwalimu. Ninachopinga ni kuihesabu kalenda ya altare peke yake ukaiacha ya waimbaji. Miezi hiyo unaiita tulivu kwa sababu padre amevaa kijani. Nenda Njombe au Mbozi wakati huo uone kama kuna aliyetulia: mahindi yanavunwa, yanapukuchuliwa, magunia yanashonwa. Mjini nako shule zimefungwa na watoto wako nyumbani kutwa. Arusi, ambazo kwa desturi hatuzifungi wakati wa Kwaresima, zinarundikana baada ya Pasaka, na kila arusi inataka kwaya Jumamosi. Juni na Julai ni miezi ya upadrisho katika majimbo mengi, na kila upadrisho hufuatwa na misa ya shukrani nyumbani kwa padre mpya, nayo inataka kwaya. Hapo bado kipaimara, jubilei za masista na sherehe ya somo wa parokia. Nani basi yuko likizo? Na sisi si waajiriwa. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mama ntilie, mwalimu wa shule ya msingi mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, hao ndio sauti ya kwanza na ya pili, na hao ndio waliokesha Juma Kuu lote. Injili ya Marko, sura ya 6, inasimulia mitume walivyorudi kutoka utume, watu wakawa wengi hata nafasi ya kula hawakuipata, na Yesu akawachukua kando wapumzike. Siku mtakapoliweka hilo kwenye ratiba nitaamini kwamba mnatafuta matumizi mazuri ya msimu. Kwa sasa naona mnatafuta namna ya kuwatumia watu zaidi.

MWENYEKITI WA KAMATI YA LITURUJIA: Ukiifungua sura hiyo, dada, usiifunge mapema. Makutano yaliwatangulia kwa miguu, Yesu akawahurumia, na siku ile ya mapumziko iliishia kwa kulisha wanaume elfu tano. Lakini mimi nina ugomvi na nyote wawili, maana mmekubaliana jambo ambalo silikubali: kwamba kipindi hiki ni cha chini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, unaiita Dominika sikukuu ya asili, msingi na kiini cha mwaka mzima wa liturujia. Wala katikati hapa si patupu. Kuna Utatu Mtakatifu, kuna Ekaristi na maandamano yake, Petro na Paulo tarehe 29 Juni, Kupalizwa tarehe 15 Agosti, Watakatifu Wote, Kristo Mfalme. Tena angalieni ni nani anayekuja kanisani Dominika ya 16 ya Mwaka. Usiku wa Krismasi kanisa hujaa watu ambao hatutawaona tena hadi Pasaka. Julai anakuja yule anayekuja kila wiki, mama wa jumuiya, mzee wa zaka, kijana wa utumishi. Huyo ndiye mnayempa wimbo uliochakaa na waimbaji sita, huku chakula kizuri kikiwekwa akiba kwa ajili ya mgeni. Kwa mtu wa nje huo ni ukarimu. Kwa mtu wa nyumbani ni dharau.

FUNDI MITAMBO: Naomba niingie kabla hamjamalizana, maana kila mmoja anazungumza kana kwamba sauti inatoka kooni na kufika masikioni bila kupita kwangu. Kanisa letu ni sakafu ya saruji na paa la bati, na mwangwi wake unalimeza neno kabla halijafika benchi la kumi. Spika zikianza kupiga mluzi kila mtu ananigeukia niongeze au nipunguze, ilhali mara nyingi tatizo ni kipaza sauti kilichowekwa mahali panaposikia spika, kinachukua sauti yake na kuirudisha tena na tena. Hilo halitibiwi Jumapili saa mbili asubuhi. Linatibiwa kwa kuhamisha spika, na spika haihamishwi wakati kwaya iko mazoezini. Angalieni nyaya. Anayezikunja baada ya misa anazizungusha kwenye kiwiko na kiganja, na kila akizungusha hivyo anasokota nyuzi za shaba zilizomo ndani, mpaka zinakatika pale karibu na kichwa cha waya, mahali jicho halioni. Ndiyo ile mikwaruzo inayosikika padre akiwa katikati ya mahubiri. Waya unakunjwa kwa duara pana, ukiufuata mkunjo wake wenyewe. Kumfundisha mtu ni kazi ya robo saa, na robo saa hiyo haijawahi kupatikana. Vipaza sauti visivyo na waya vimelala kabatini tangu Pasaka na betri ndani yake, betri zimevuja na kula vyuma. Kinanda kina noti mbili zinazokwama, vumbi la kiangazi limeingia chini ya vibonyezo. Nahitaji siku nne mfululizo kanisa likiwa halina mazoezi wala arusi. Mwalimu akipata Julai yake mimi nakosa yangu.

MWALIMU WA KWAYA: Siku nne utazipata, Fundi. Mwenyekiti naye nimemwelewa, ila aniruhusu nitofautishe heshima ya siku na uzito wa kazi. Dominika zote zina heshima moja, lakini si zote zinazodai nyimbo mpya kumi. Na historia ya muziki wa Kanisa iko upande wangu. Chukueni *Messiah* ya Handel, ambayo hata kwaya zetu huimba sehemu zake. Aliiandika London kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741, siku 24. Kwa nini Agosti? Kwa sababu msimu wa maonyesho ulikuwa umefungwa, wakubwa wameondoka mjini kwenda mashambani kwao, na hakukuwa na jukwaa la kumwita kila jioni. Kazi yenyewe ilisikika kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, miezi saba baadaye. Na siri ya siku zile 24 ni kwamba hazikuwa 24. Mapema Julai mwaka huohuo alikuwa ametunga nyimbo za Kiitaliano za sauti mbili, na muziki wa mojawapo, ya mapenzi yasiyoaminika, ndio alioutumia katika ile kwaya inayoimba unabii wa Isaya juu ya kuzaliwa kwa mtoto. Kilichotungwa kimyakimya Julai kikawa wimbo wa Noeli wa dunia nzima. Mtu asiyetunga chochote Julai hana cha kuchota Desemba.

MWANAKWAYA: Handel alikuwa akilipwa, Mwalimu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakurudi nyumbani kupika ugali wa watu saba. Tena hata yeye hakuwaridhisha wote. Charles Jennens, aliyemkusanyia maneno ya Biblia, alilalamika kwamba Handel alisema atachukua mwaka mzima kisha akaipiga mbio. Lakini kama ni historia, nami ninayo. Wimbo wa Krismasi unaoimbwa na watu wengi sana duniani kote, ule wa usiku mtakatifu, Franz Gruber aliutungia muziki siku ya tarehe 24 Desemba 1818, pale Oberndorf karibu na Salzburg, na usiku uleule ukaimbwa na watu wawili, yeye na padre, kwa gitaa. Hakukuwa na mpango wa miezi sita, hakukuwa na kamati wala michango. Husemwa kinanda kilikuwa kimeharibika, ingawa hadithi hiyo haina ushahidi wa maana. Je, tungekuwa na wimbo huo kama padre na mwalimu wake wangekuwa wamechoshwa na mazoezi tangu Juni?

MWALIMU WA KWAYA: Umeuleta wimbo ambao unanisaidia mimi. Muziki ndio uliotungwa siku ile. Maneno Padre Joseph Mohr alikuwa ameyaandika mwaka 1816, miaka miwili kabla, katika parokia nyingine. Yalikuwa tayari, yamekaa, yanasubiri. Siku ya mwisho ilihitaji kazi ya saa chache kwa sababu nyingine ilishafanywa zamani bila haraka. Na kama hamtaki Handel kwa kuwa alikuwa mtu wa majumba ya maonyesho, mchukueni Bach, mtumishi wa kanisa aliyekuwa na wavulana wa shule wa kuwafundisha na wakubwa wa mji wa kuwanyenyekea. Alipoanza kazi Leipzig, kantata yake ya kwanza aliiongoza tarehe 30 Mei 1723, Dominika ya kwanza baada ya Utatu, yaani mwanzoni kabisa mwa hicho mnachokiita kipindi cha kulala, akaendelea karibu kila Dominika. Mateso kadiri ya Yohane yaliimbwa Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724. Alipata wapi nafasi? Kwa desturi ya Leipzig, wakati wa Kwaresima kantata zilikuwa zinasitishwa, na Majilio vilevile isipokuwa Dominika ya kwanza. Kimya hicho ndicho kilichompa wiki za kuandaa kazi kubwa ya Ijumaa Kuu.

MWANAKWAYA: Sasa umefika ninapotaka, nami sikuachi uondoke. Kimya cha Leipzig kilikuwa kimya kweli. Dominika ikifika kantata haikuimbwa, wala mtu hakuuliza kwa nini, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya mahali. Kitu kiliondolewa kwanza ndipo kingine kikapata nafasi. Wewe kwenye mpango wako umeondoa nini? Nimeusikia wote: darasa la nota Jumanne, utunzi Alhamisi, Krismasi kuanzia Agosti, na Fundi apewe siku nne. Arusi za Jumamosi zimebaki, upadrisho umebaki, misa mbili za Jumapili zimebaki. Huo si msimu tulivu unaotumiwa vizuri. Ni msimu tulivu uliofutwa. Mwaka ukishakosa mahali pa chini, hata hicho cha juu mnachokitafuta hakitaonekana, kwa sababu mwimbaji atakayefika Desemba atakuwa ameimba bila kukoma tangu Majivu.

MWENYEKITI: Hapo dada ana haki, na inanipasa niseme hivyo ingawa halinifurahishi. Katika vikao vyetu ni rahisi sana kuongeza jambo kwenye ratiba. Mwenye wazo anaonekana ana moyo wa utume. Anayependekeza jambo lifutwe anaonekana mvivu. Kwa hiyo ratiba ya parokia inakua upande mmoja tu. Hata hivyo naogopa upande wa pili wa shilingi, na naomba nisikilizwe. Kwaya ni watu wa kujitolea, na mtu wa kujitolea akikaa wiki sita nyumbani anagundua kwamba Jumamosi jioni ina mambo mengine. Hatufukuzi mtu, anapotea tu. Wengine wanahamia kwaya ya parokia jirani inayorekodi. Na kuna suala la elimu ambalo haliwezi kusubiri. Hati ileile ya Mtaguso, namba 115, inasisitiza mafundisho ya muziki, na namba 119 inataka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka huohuo wa 1963, Padre Stephen Mbunga wa kwetu alitoa kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa Wakristo wenzetu Walutheri, Bernard Kyamanywa alipoandika *Mfurahini, Haleluya* alikuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, na mwaka 1968 Howard Olson akatoa kitabu cha nyimbo za namna hiyo, *Tumshangilie Mungu*. Kazi hizo zilitoka kwa watu waliosoma. Nani anasoma kwetu?

MWALIMU WA KWAYA: Hakuna anayesoma, na ushahidi upo kwenye mabegi yetu. Chukua karatasi yoyote ya wimbo tunayotumia. Ni fotokopi ya fotokopi. Nota zetu za do re mi zimeandikwa kwa herufi, na katika maandishi haya alama ndogo ndiyo inayobeba kila kitu: kimstari kidogo juu ya herufi kinasema do hii ni ya juu, kikikaa chini kinasema ni ya chini, nukta mbili zinagawa mapigo, nukta moja inagawa pigo katikati. Kwenye nakala ya tatu kile kimstari kimefutika na nukta mbili zimekuwa doa moja. Besi wanaona do, hawajui ni ipi, wanaimba ile waliyoizoea. Mwenye kusoma angelisahihisha kwa kalamu kwa sababu anaona sauti nyingine zinaelekea wapi. Asiyesoma analirithisha kosa, na baada ya miaka mitano kosa ndilo wimbo wenyewe. Na juu ya karatasi, mahali lilipokuwa jina la mtunzi, mashine ya fotokopi imekata. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake. Sisi tunaimba kazi yake kila Jumapili, hata kwenye video, na hatujui anaitwa nani. Kusafisha kabati hilo, kunakili upya nyimbo arobaini kwa mkono safi au kwa kompyuta, kutafuta watunzi wake, kuwafundisha watu wanane kusoma vizuri ili nao wafundishe wengine, ni kazi ya lini kama si sasa?

FUNDI MITAMBO: Watu wanane, Mwalimu. Umesema wanane. Dakika tano zilizopita ilikuwa kwaya nzima.

MWALIMU WA KWAYA: Kwaya ina watu thelathini na wawili.

FUNDI MITAMBO: Ndiyo maana nauliza. Kazi yangu inahitaji watu watatu na kanisa tupu. Kunakili nyimbo kunahitaji watatu wengine, meza moja na kompyuta. Darasa la nota ni la wanane. Mtunzi anahitaji kuachwa peke yake, hilo nadhani hata Handel angelisema. Katika yote mliyoyataja hakuna hata moja linalohitaji watu thelathini na wawili wasimame mistari minne Jumanne jioni. Kwa nini basi kila kinachopangwa kinaitwa mazoezi?

MWANAKWAYA: Kwa sababu mazoezi yana daftari la mahudhurio, na daftari la mahudhurio lina faini. Na hapa nirudi kwenye Maandiko, maana Mwenyekiti alinikatiza kwenye Marko. Wale wenye njaa waliowafuata mitume walikuja wenyewe, hawakuwekwa kwenye ratiba na kamati. Lakini tuache hilo. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinatoa hesabu ya waimbaji wa hekalu: watu 288 waliofundishwa, wakagawanywa kwa kura katika zamu 24 za watu kumi na wawili, mkubwa na mdogo sawasawa, mwalimu na mwanafunzi. Zamu ikiisha unakwenda nyumbani. Yaani hata pale palipokuwa na waimbaji kwa mamia, hakuna aliyetarajiwa kuwepo kila siku. Sisi thelathini na wawili tunatarajiwa kila Jumapili, kila arusi, kila msiba.

MWENYEKITI: Zamu 24 zinawezekana ukiwa na watu 288. Ukiwagawa thelathini na wawili mara mbili tu, sauti ya tatu upande mmoja atabaki mtu mmoja, na siku hiyo atakuwa na mafua.

MWANAKWAYA: Basi tusigawe. Tuketi. Mwezi mzima wa Julai kwaya isikae mahali pake, ikae kwenye mabenchi na familia zake. Mwongoza nyimbo mmoja asimame na kinanda, na nyimbo ziwe zile zilizomo katika kitabu cha waamini, ambazo kila mtu anazijua. Namba 114 ya hati hiyohiyo mnayoinukuu inataka kwaya ziendelezwe, ndiyo, lakini palepale inataka kusanyiko lote la waamini lishiriki kuimba. Mwenyekiti amesema anayekuja Julai anadharauliwa kwa kupewa waimbaji sita. Mimi nasema anadharauliwa zaidi kwa kufanywa msikilizaji mwaka mzima. Tukikaa katikati yao tutasikia wanachokijua na wasichokijua, mahali wanapovuta, mahali wanapoacha kwa sababu sisi tumeupandisha wimbo mpaka mtu wa kawaida hafiki. Mwalimu akitaka kujua mwaka ujao atunge nini, elimu hiyo hawezi kuipata akiwa amewapa mgongo waamini.

MWALIMU WA KWAYA: Sikuwahi kulifikiri hivyo, na lina uzito. Naona pia hatari yake. Wimbo wa waamini usioongozwa vizuri unaburutwa. Ubeti wa tatu unakuwa umeshuka nusu sauti na kinanda kinabaki juu peke yake. Lakini hiyo nayo ni habari. Nikubali kwa sharti: Julai hakuna mazoezi ya wote, wanane wangu wa nota waje kwa hiari yao, bila daftari, na Agosti wiki ya kwanza tukutane wote kwa ajili ya Kupalizwa. Krismasi ianze Septemba badala ya Agosti.

MWANAKWAYA: Bila daftari na bila faini. Na wasiokuja kwenye nota wasisemwe.

MWALIMU WA KWAYA: Watasemwa na wenzao, si na mimi.

MWENYEKITI: Mnagawana ngozi na mnyama hajauawa. Arusi je? Kwaya ikiimba arusi inapewa ahsante, na ahsante hiyo ndiyo inayolipa sare na ile video tuliyorekodi ambayo deni lake la studio halijaisha. Mkifunga Julai mnafunga na mfuko.

MWANAKWAYA: Nilijua tutafika huko. Kumbe tangu mwanzo tunabishana juu ya liturujia, mavuno, Bach na Handel, na anayetupangia kalenda ni deni la video. Tulirekodi kwa sababu kwaya jirani imerekodi. Tuliambiwa tutumie miezi ya utulivu, ndiyo maneno yaliyotumika, matumizi mazuri ya msimu. Tukaimba siku tatu mchana kutwa kwenye jua mbele ya kamera, midomo tu ikicheza, na sasa tunaimba arusi kulipia siku hizo tatu. Msimu mmoja uliojazwa umekula msimu wa pili.

MWENYEKITI: Ile video imewafikia wagonjwa nyumbani na watoto wetu walioko masomoni nje. Usiidharau.

MWANAKWAYA: Siidharau. Nauliza kama ilikuwa lazima iwe na sare mpya.

MWENYEKITI: Nami nauliza jambo la karibu zaidi. Maombi matatu ya arusi za Julai yameshapokelewa ofisini, na mojawapo ni la binti wa yule mzee aliyetununulia kinanda. Kuna anayejitolea kwenda kumwambia kwamba kwaya imekaa kwenye mabenchi?

MWALIMU WA KWAYA: Ndugu zake wanaimba vizuri, nimewasikia. Tuwape mpiga kinanda na mwongoza nyimbo mmoja. Akiwa na kinanda hatakosa kitu.

FUNDI MITAMBO: Kinanda Julai nitakuwa nimekifungua, kiko mezani vipande vipande. Au mnazirudisha zile siku zangu nne?